Uzio wa Mashati ya Baba

Wiki iliyopita shoga yangu alinitumia picha kwenye simu, kumi na moja kwa mpigo, na chini yake akaandika: "Nataka uzio wangu uwe hivi. Unamjua fundi?" Zilikuwa picha za bustani za watu wa mbali, uzio wa mbao umetundikwa kila kitu unachoweza kukifikiria: kamba za katani zilizosukwa, vipande vya vitambaa vya rangi, chupa za kioo, viatu vya zamani vilivyopandwa maua. Akanieleza kuwa mtindo huo unaitwa wa kibohemia na kwamba siku hizi ndiyo habari ya mjini. Nikamjibu kwa vile vikaragosi vya kucheka. Kisha nikailaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikasahau nilichokuwa nataka kuosha.

Kama huo ni mtindo, basi mama yangu aliuanza kabla haujapewa jina kule kwetu Ilemela. Na mimi, nikiwa na miaka minane, niliusoma vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuuangalia uzio.

Tuliishi kwenye kilima cha mawe, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga baba kwa mikono yake. Jiwe moja lilikuwa ndani ya ua wetu, kubwa kuliko nyumba yenyewe, na juu yake tulianika dagaa. Baba alikuwa fundi wa kujenga. Uzio aliupiga kwa mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome zinazobaki magogo yakichanwa, kuanzia kwenye jiwe kubwa hadi kwenye jiwe dogo, na katikati akaweka geti. Ukisimama getini unaona kipande cha ziwa. Baba alipenda kusimama hapo asubuhi akipiga mswaki, akiwasalimia wapita njia kwa mdomo uliojaa povu, na mama akimwambia kuwa anatia watu aibu.

Halafu akapata kazi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kumjengea mtu nyumba. Siku hizo daraja lilikuwa bado, watu walivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi. Alikuwa akirudi Jumamosi moja na kuiruka nyingine, ananukia saruji, na mfukoni ana karanga zangu zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Ikaja Jumamosi hakurudi. Ikaja nyingine. Nikimuuliza mama, ananijibu, "Kazi haijaisha." Baadaye akawa hajibu kabisa, anakanyaga tu cherehani yake pale barazani kwa nguvu zaidi.

Mama alikuwa mshona nguo. Siku moja nilitoka shule nikamkuta amekaa barazani na mashati ya baba mapajani, mkasi mkubwa mkononi. Shati la bluu la kanisani alikuwa ameshalichana, kuanzia kwenye kola hadi kwenye pindo, vipande virefu vyembamba. Alikuwa anavisuka pamoja na kamba ya katani, anafunga fundo, anaacha nafasi, anafunga jingine. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Na alikuwa anaimba! Hilo ndilo lililonichanganya. Mama hakuwa mtu wa kuimba.

Jioni ile alikitundika kile kitu kwenye uzio, kikaning'inia na vishada vyake vya bluu. Kesho yake likafuata shati la mistari. Baada ya wiki mabanzi ya baba yalikuwa yanaonekana kwa taabu. Kulikuwa na kipande cha wavu wa kuvulia kilichochanika, akakifuma vitambaa vyekundu kwenye matundu yake. Kulikuwa na maganda ya konokono wa ziwani yaliyotobolewa na kuvishwa uzi. Viatu vya baba vya kazini, vile vizito vya kahawia, alivitia udongo akapanda viua vidogo vya zambarau ambavyo jina lake silijui mpaka leo, akavipigilia misumari kwenye ubanzi, kimoja juu, kingine chini kidogo, utadhani mtu anapanda ukuta. Timazi yake ya zamani, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi huitumia kuangalia kama ukuta umesimama sawa, nayo ikatundikwa karibu na geti.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo hamtanielewa. Mwaka mmoja kabla, babu yangu alikuwa amefariki kijijini, upande wa Misungwi. Baada ya matanga walitandika mkeka, wakatoa nguo zake zote sandukuni, wakaanza kugawana: huyu koti, yule suruali, viatu vikaenda kwa mjomba ingawa vilikuwa vinambana. Mimi nikaomba kofia. Bibi akanivuta kando akaniambia, "Mjukuu wangu, ukae ukijua. Nguo ya mtu aliye hai haigawiwi wala haitiwi mkasi. Ni kumwombea mabaya. Ukiona nguo za mtu zimetolewa sandukuni, ujue mwenyewe yuko kaburini." Aliniambia kwa sauti ile ya bibi ambayo hubishani nayo, ikanikaa kichwani.

Kwa hiyo mashati yalipokuwa yanakatwa, mimi nilijua ninachokiona.

Nikajaribu kujipinga. Nikajiambia labda yamechakaa. Lakini la bluu halikuwa limechakaa. Kisha ukaja mkasa wa bangili, nikakata tamaa kabisa. Mama alikuwa na mteja wake mjini, mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Shanta, mjane, anayeishi ghorofani juu ya duka la vitambaa la mwanawe. Mama alimshonea blauzi zake za kuvalia sari, na yeye alikuwa akimpa mama vipande vilivyobaki dukani. Siku hiyo nikaenda naye. Mikono ya Mama Shanta ilikuwa mitupu, na mimi, mtoto mwenye mdomo usio na breki, nikamuuliza mbona wanawake wengine wa Kihindi wana bangili hadi kwenye kiwiko na yeye hana.

"Niliacha siku mzee wangu alipofariki," akasema, wala hakukasirika. "Kwetu sisi wazee wa zamani, mjane havai."

Mama alikuwa ameona bati la biskuti kabatini, limejaa bangili za kioo, za kijani, nyekundu na za dhahabu. Akamweleza habari za uzio wake. Mama Shanta akalichukua lile bati akampa lote. "Chukua, mwanangu," akamwambia. "Zimekaa humu miaka mingi, hazina kazi." Halafu akamshika mama shavuni, akalishika kwa muda mrefu. Mama akainamisha kichwa.

Ninyi mngefikiri nini? Mjane amempa mama yangu bangili za ujane, na amemshika shavu. Nilishuka zile ngazi nyuma ya mama, nimelikumbatia lile bati.

Kwa hiyo baba alikuwa amefariki. Kilichobaki ni kujua kwa nini sikuambiwa, na hilo halikunisumbua, kwa sababu babu alipofariki walinificha siku mbili nzima wakisema amelazwa. Wakubwa ndivyo walivyo. Nikaamua kuwa mama anajikaza kwa ajili yangu, ndiyo maana anaimba. Na mimi nikaamua kujikaza kwa ajili yake. Nikawa mtoto mwema wa kutisha. Nikawa nachota maji bila kutumwa, naosha vyombo, sidai karanga, simtaji baba. Nikitaka kulia naenda chooni. Nikitoka namkuta mama anatundika bangili kwenye kamba ya timazi, anarudi nyuma hatua mbili, anainamisha kichwa upande, anauliza, "Unaonaje, Kabula? Imependeza?" Na mimi nasema imependeza, mama. Na kweli ilikuwa imependeza. Hilo nalo lilinichanganya. Upepo wa ziwani ukivuma zile bangili zilikuwa zinalia, na jua la saa kumi likipita kwenye kioo linaacha viduara vya kijani kwenye kuta za nyumba, na mimi ninasimama katikati ya viduara hivyo nikimlilia baba moyoni na kutamani upepo usikome.

Watoto wa mtaani waliupenda uzio wetu. Watu wazima waliuangalia wakanyamaza. Jirani yetu Mama Joyce, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha akina mama wa kilima kile, alisimama siku moja na beseni lake la maandazi kichwani, akayaangalia mashati, akaviangalia viatu.

"Mama Kabula, baba hajambo huko?"

"Hajambo," mama akajibu, sindano mdomoni.

Mama Joyce akaniangalia mimi. Nikainamisha macho. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Siku iliyofuata, mwalimu wetu wa darasa alitangaza kuwa Ijumaa ya wiki ijayo kuna kikao cha wazazi. "Na nataka baba zenu," akasema. "Kila mara akina mama tu. Safari hii baba, sitaki kaka, sitaki mjomba." Darasa zima likacheka. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi baba yangu amefariki."

Sikuwa nimepanga kusema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe, nikaanza kulia palepale, kilio cha wiki tatu. Mwalimu akanitoa nje.

"Pole, Kabula. Amefariki lini?"

"Sijui."

"Mmemzika wapi?"

"Sijui, mwalimu. Mama ananificha. Ila nguo zake ameshazikata."

Mwalimu alikuwa binti mdogo tu, ametoka chuoni juzi, macho yakamjaa machozi. Akanipeleka ofisini akanipa chai. Na saa ya mapumziko akamwita Mama Joyce, ambaye alikuwa akiuza maandazi pale shuleni, akamweleza. Nilimsikia Mama Joyce kupitia dirishani: "Nilijua! Tangu yale mashati, mwalimu, nilijua. Yule mwanamke anajikaza, atapasuka."

Kwenye kikundi kile kulikuwa na sheria moja ambayo kila mwanachama aliijua: mfiwa haulizwi maswali. Ukisikia msiba, unafunga kanga, unabeba kuni na chungu, unakwenda. Ya kuuliza utauliza mbele ya safari. Na mfiwa anayeficha msiba ndiye wa kukimbiliwa kwanza, maana huyo ndiye anaweza kujidhuru. Kufika saa sita Mama Joyce alikuwa amewapitia wote.

Mwalimu alinisindikiza nyumbani mchana. Tulipokuwa tunapanda kilima tukasikia vilio. Nitasema ukweli: nilifarijika. Nikajiambia sasa limetoka, sasa hatujifichi tena, mimi na mama tutalia pamoja. Nikamwachia mwalimu mkono nikakimbia.

Nilimkuta mama chini, pale getini, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Wanawake wawili wamemshika mikono. Alikuwa anapiga kelele, na alichokuwa anakipigia kelele ni jina langu.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichotokea dakika zile kabla sijafika. Wanawake walikuwa wamekuja wakilia, kwa njia ile inayotoka shuleni, na mama alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyefariki, kwa sababu mfiwa huwa anajua. Yeye akauliza, "Ni Kabula? Ni Kabula wangu?" Wao wakadhani anamlilia Kabula atakayebaki bila baba. Wakamjibu, "Ndiyo, mwenzetu, ndiyo, Kabula, maskini." Basi.

"Mama," nikasema.

Akanyamaza ghafla. Akaniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Akainuka, akanipiga kofi la mgongoni lililosikika hadi barabarani, kisha akanikumbatia, akanibana mpaka vifungo vya blauzi yake vikanichora shavuni.  

"Sasa nani amekufa?" akauliza, bila kuniachia.

Mama Joyce akapiga magoti mbele yake. "Mama Kabula, usijikaze tena. Tumeshajua. Pole kwa kufiwa na baba watoto."

Mama akamwangalia Mama Joyce. Mama Joyce akamwangalia mwalimu aliyekuwa anafika akihema. Mwalimu akaniangalia mimi. Mimi sikuwa na wa kumwangalia, nikanyoosha kidole kwenye uzio.

"Mashati," nikasema.

Mama alikuwa na nafasi ya kulimaliza hapohapo. Mtoto amekosea, baba yake yuko kazini, asanteni, rudini na kuni zenu. Na alianza hivyo. "Hajafa," akasema. "Yuko Sengerema, kazini."

"Alhamdulillahi, Bwana asifiwe," wakaitikia kila mmoja kwa dini yake.

Lakini Mama Joyce alikuwa bado amepiga magoti, na aliuliza kwa upole kabisa, wala sidhani alikuwa na nia mbaya: "Sasa, mwenzangu, mbona umemkatia nguo?"

Nikamwona mama anatafuta jibu. Aliliangalia jiwe, akaliangalia ziwa. Watu walikuwa kama thelathini pale, wengine bado wanapanda na masufuria vichwani, wanaume wawili wamefunga kamba moja ya turubai na ya pili iko mikononi.

"Amepata mke huko," akasema. "Na mtoto ameshazaliwa. Alinipigia simu akaniambia nguo zake zilizobaki nizitupe." Akajipangusa uso kwa mkono mzima. "Mimi ni fundi, siwezi kutupa kitambaa."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Baba yu hai, sawa, nimesikia. Lakini wanawake waliokuwa wameacha kulia walianza tena, taratibu zaidi, na safari hii mama naye alilia, yeye ambaye hakulia baba alipokuwa amekufa. Nikamvuta mwalimu sketi.

"Mwalimu, kwa hiyo baba hajafa?"

"Hajafa, Kabula. Furahi."

Nikajaribu kufurahi. Nilijitahidi sana, nikasubiri furaha ije, haikuja.

Mama Joyce ndiye aliyeamua. Alikaa chini, akavua kandambili zake, akazipanga pembeni. "Kuni zimeshafika," akasema, "na mchele umeshachambuliwa. Siwezi kuwarudisha watu na vyungu mchana kweupe. Tutakaa na mwenzetu." Wakapika. Turubai likafungwa. Dada mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo, akaishia ubeti wa kwanza, akaona hauendani, akajaribu mwingine, nao akauacha. Watu wakala wali na maharage wakizungumza kwa sauti ya msibani, na kila aliyefika amechelewa ilibidi avutwe kando aelezwe upya, naye anasema "Ahaa," kisha hajui ashike tama au apige makofi. Mama alikaa mkekani katikati yao, kanga wamemfunga wao wenyewe. Alikaa kama mfiwa, na hakukataa.

Asubuhi wachache walirudi kuosha masufuria na kushusha turubai. Nilikuwa getini ninawaangalia nilipomwona mtu anapanda kilima mbio, anashika mawe kwa mikono. Nilimjua kwa mabega yake kabla sijamwona uso. Katika wale waliokuwa wanafunga turubai jana yake kulikuwa na mmoja mwenye namba ya simu ya ndugu yake baba. Kabla mama hajasema lolote, alikuwa ameshatuma ujumbe: kuna msiba kwa baba Kabula, aje haraka. Hakusema ni nani aliyefariki, na yule ndugu akampigia baba mwenyewe. Baba alikuwa amevuka na kivuko cha kwanza.

Aliponiona alisimama. Akakaa pale chini kwenye vumbi, akanivuta. Alinukia saruji, na sabuni nisiyoijua. Shati lake pia nilikuwa silijui. Alikuwa analia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba analia, na nikasema moyoni, amerudi. Nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu, asimame tena getini na mswaki wake, na sasa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye geti lenyewe.

"Nani amefariki?" akaniuliza. Halafu akawageukia wale akina mama, mikono yao imejaa povu la sabuni. "Jamani, nani? Ni mke wangu?"

Wakainama kwenye masufuria. Nikamwambia mimi.

"Wewe, baba."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kutoelewa. Kisha akainua macho akauona uzio. Niliona jinsi alivyoyatambua mashati yake, moja baada ya jingine, akaviona viatu na maua yake, akaiona timazi. Mama alikuwa ametoka barazani, amesimama upande wa ndani.

"Haya si mashati yangu?"

"Ndiyo yenyewe. Uliniambia niyatupe."

"Sasa ndiyo unitundike nje, watu wote wanione?"

"Nimekutundika vizuri," mama akasema. "Muulize yeyote."

 Mama Joyce akaja na sahani ya wali uliobaki jana, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Karibu, baba Kabula. Ule, ni chakula cha msiba wako." Nilisubiri mtu amwambie apite ndani. Mama hakumwambia. Baba naye hakuomba. Alikaa kwenye jiwe dogo, nje ya geti, akaila ile sahani yote bila kuinua kichwa, na mimi nikakaa pembeni yake nikimsogelea kidogo kidogo. Nikamweleza habari za kikao. Nikamwambia mwalimu anataka baba, hataki mjomba.

"Nitakuja," akasema. "Ijumaa nitakuja. Usiwe na wasiwasi."

Akanishika kichwa, akamuaga Mama Joyce, akashuka kilima. Hakukimbia kama alivyokuja, alitembea.

Wiki nzima ile niliwatangazia wenzangu darasani. Nilikuwa na sababu mbili za kujivuna: baba yangu alikuwa amekufa akafufuka, na sasa anakuja kwenye kikao. Ijumaa nikamwomba mwalimu nikae karibu na mlango. Baba za wenzangu waliingia mmoja mmoja, wamevaa mashati ya kupigwa pasi, wanabanwa na madawati yetu madogo. Kila kivuli kilichopita mlangoni kilinifanya nisimame. Kikao kilianza, kikafika katikati, na aliyeingia alikuwa mama. Alivaa gauni lake la kitenge, zuri kuliko yote. Akawaamkia waliomzidi umri, akakaa peke yake katikati ya wanaume, akafungua daftari langu, akaanza kuandika anayoyasema mwalimu. Hakuna aliyemwuliza chochote. Nadhani wote walikuwa wameshasikia.

Tulirudi nyumbani pamoja. Alinishika mkono ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. Tulipofika mahali njia inapoanza kupanda, nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa tangu kikao kianze.

"Mama, siku baba akifa kweli, tutaambiwa?"

 "Tutaambiwa," akasema. "Mtoto hafichwi msiba wa baba yake."

Nilitaka kumwambia kuwa babu alipofariki nilifichwa. 

Baba hakuwahi kurudi kuishi nasi. Alikuwa akipiga simu mara mojamoja, kisha kwa mwaka mara moja, kisha namba ikawa haipatikani. Na miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, mchana mmoja nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Shikamoo, dada Kabula," akasema. "Mimi ni mdogo wako wa Sengerema. Baba tulimzika juzi. Naomba utusamehe, namba yako tumeipata leo, ilikuwa kwenye daftari lake."

Nikamwambia pole. Akaniambia pole na wewe, dada. Kisha tukabaki na simu sikioni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kulia.